Mambo ya kuweka sawa kabla hujaanza kutumia vitabu pepe vya maktaba katika utafiti

Anza na njia ya kuingilia. Kitabu pepe ambacho chuo kimelipia hufunguka chenyewe ukiwa kwenye mtandao wa kampasi, kwa sababu mchapishaji anaitambua anwani ya mtandao huo. Ukirudi nyumbani, kitabu kilekile kinakuonyesha bei ya kukinunua, na wanafunzi wengi huishia hapo wakidhani maktaba haina kitabu. Maktaba inacho kitabu, ila wewe hujatambulika. Ili utambulike ukiwa nje ya kampasi, vyuo vingine hutumia mifumo ya kuingilia kama RemoteXs au MyLOFT, vingine EZproxy, vingine VPN. Muone mkutubi mapema akusajili kwa baruapepe ya chuo, kisha ujaribu ukiwa nyumbani kwa bando lako, siku ambayo huna haraka. Uliza pia kama taasisi yenu imesajiliwa Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, yenye Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Anayesajiliwa ni taasisi, kwa hiyo nywila yake isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp: ikifungwa, mnaumia wote.

La pili ni maneno ya kutafutia, na hapa naomba uandike kwenye karatasi kabla hujagusa kompyuta. Tuseme unatafiti Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ukiandika “vita vya majimaji” kwenye katalogi utaambulia vichache mno. Andika tahajia zote: Maji Maji, Maji-Maji, Majimaji. Ongeza jina la nchi kwa kila zama: Deutsch-Ostafrika, German East Africa, Tanganyika, Tanzania. Kisha majina ya watu na mahali: Kinjekitile, Ngarambe, Mahenge, Songea. Makabila yaandike bila kiambishi, kwa kuwa vitabu vya Kiingereza husema Ngoni na Matumbi, na mashine haijui kuwa Wangoni ni haohao. Maktaba nyingi za vyuo hupanga vitabu kwa vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge ya Marekani, ambavyo ni vya Kiingereza, hivyo hata kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili unaweza kukikuta chini ya “Swahili”. Kumbuka pia kwamba vitabu vya zamani ni picha za kurasa zilizosomwa na mashine. Vile vya Kijerumani vyenye herufi za zamani ziitwazo Fraktur husomwa vibaya. Ukitafuta neno ndani yake usilipate, fungua faharasa ya kitabu uangalie kwa macho yako.

Vitabu vya bure visomwe kwanza. Tovuti za DOAB, iliyoanza 2012, na OAPEN zina vitabu vya kitaaluma vilivyopitiwa na wataalamu, unavipakua na vinabaki kuwa vyako. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, nayo huazimisha, lakini idadi kubwa ya vitabu iliondolewa baada ya wachapishaji kushinda kesi huko Marekani, na hukumu ya rufaa ilitoka Septemba 2024. Usiitegemee kwa sura nzima ya tasnifu.

Kabla ya kuzama katika kitabu cha kulipiwa, soma ukurasa wa maelezo yake. Utaona leseni inaruhusu wasomaji wangapi kwa pamoja: mmoja, watatu, au wowote. Kikiwa cha mtu mmoja, funga ukurasa ukimaliza, maana mwenzako wa darasa amezuiwa mlangoni na hajui kwa nini. Utaona vilevile kurasa ngapi unaruhusiwa kunakili au kuchapa. Kupakua sura moja kwa PDF ni tofauti na kuazima kitabu kizima kupitia programu ya kusomea ya Adobe Digital Editions: cha kuazima hujifunga siku zikiisha, hata kama uko katikati ya aya.

Sasa namba za kurasa. Kwa maoni yangu hapa ndipo tasnifu nyingi nzuri huchafuka. Kisanduku cha kisomeo, yaani programu unayosomea, kinasema uko ukurasa wa 47, huku juu ya ukurasa wenyewe pamechapwa 29. Tofauti hiyo ya 18 ni kurasa za mwanzo, zile za jalada, shukrani na yaliyomo, zenye namba za Kirumi. Unanukuu 29. Kwenye kitabu cha muundo wa EPUB hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa maandishi hujipanga upya kila ukikuza herufi na mara nyingi hakuna ukurasa wa kudumu. Mtindo wa marejeleo wa APA unakuruhusu kutaja sura na namba ya aya. Ila kama ipo PDF, au nakala ya karatasi rafuni, itumie hiyo. Mtahini anayetaka kuhakiki nukuu yako anastahili kuipata kwa dakika moja.

Andika marejeleo siku ileile unayosoma. Uliza idara inataka mtindo gani. APA, toleo la 7, hukitaja kitabu pepe kama cha karatasi, halafu huongeza DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa chapisho mtandaoni, ikiwepo. Mtindo wa Chicago hutaka DOI, URL au jina la hifadhidata. Usinakili anwani iliyo juu ya kivinjari, kwani mara nyingi imepitia mlango wa chuo chenu na haimfungukii mtu wa nje. Tafuta ile inayoanza https://doi.org/10. Mwaka uchukue kwenye ukurasa wa hakimiliki, kwa sababu katalogi wakati mwingine huonyesha mwaka kitabu kilipowekwa mtandaoni. Kitabu chenye mhariri kina waandishi wa sura: mtaje aliyeandika sura uliyosoma.

Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni ya bure na itakusaidia sana, lakini kagua majina. Inaweza kukuletea Ngũgĩ wa Thiong’o chini ya herufi T, ilhali maktaba humpanga chini ya Ngũgĩ.

Mwisho, uliza akaunti yako hufungwa lini. Marekebisho ya tasnifu huweza kurudi baada ya usajili kwisha, na msomaji aliyefungiwa hawezi kuhakiki hata mstari mmoja. Sura zote ulizonukuu, kwa kiasi leseni inavyoruhusu, zipakue mapema, uzipe majina ya mwandishi na mwaka, na uhifadhi nakala mahali pawili.