Diski inaiambia nini keneli kuhusu kashe yake: somo kwa wenye seva za Linux

Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za Mbeya hazina adabu, na seva kuzimika ghafla si habari mpya. UPS husaidia, lakini usalama wa daftari la mauzo hutegemea pia jibu ambalo kontrola (saketi inayoendesha diski) iliipa keneli (kiini cha Linux) mashine ilipowaka.

Karibu kila diski ina kumbukumbu ndogo ya RAM ndani yake, ndiyo kashe. Data ikifika humo, diski hujibu "tayari" kabla haijaandika kwenye sahani. Umeme ukikatika hapo, imekwenda. Kinga ni amri ya kumwaga kashe: diski za SATA (za kawaida) huiita FLUSH CACHE, za SAS (za seva) huiita SYNCHRONIZE CACHE. Keneli huituma pale tu ilipoambiwa kwamba kashe ya kuandikia imewashwa. Haipimi chochote, inaamini inachoambiwa.

Hatua ya 1. Soma kilichosemwa:

`sudo dmesg | grep -i cache`

Jibu zuri ni `Write cache: enabled, read cache: enabled, doesn't support DPO or FUA`. Maneno ya mwisho yasikutishe (FUA ni amri ya kuandika moja kwa moja kwenye sahani). Maana yake keneli itatuma amri ya kumwaga kashe baada ya kuandika. Habari hii hutoka kwenye ukurasa wa kashe wa SCSI, namba 08, biti ya WCE (kashe ya kuandikia imewashwa). Diski ya SATA haina ukurasa huo, hivyo libata (sehemu ya keneli inayoshughulikia SATA) huutunga kutoka kwenye IDENTIFY DEVICE (maelezo ambayo diski hutoa kujihusu), neno la 85, biti ya 5.

Ukiona `No Caching mode page found` kisha `Assuming drive cache: write through`, simama hapo. Kontrola haikujibu, keneli ikakisia, na kwa kukisia huko haitamwaga kashe kamwe. Maboksi ya USB ndiyo yanaongoza kwa tabia hii.

Hatua ya 2. `cat /sys/block/sda/queue/write_cache` huonyesha imani ya keneli kwa sasa: `write back` ni kashe inawaka, `write through` ni kuandika moja kwa moja. Kwa NVMe (aina ya SSD za kasi) ongeza `nvme get-feature /dev/nvme0 -f 6`. 1 ni kuwaka.

Hatua ya 3. Iulize diski yenyewe: `sudo hdparm -W /dev/sda`, au kwa SAS `sudo sdparm --get=WCE /dev/sda`. Diski ikisema 1 huku keneli ikisema `write through`, una tatizo. Nyuma ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) hdparm haifiki. Kwa MegaRAID tumia `storcli64 /c0/vall show all` na utazame pia mstari wa `Disk Cache Policy`. Hapa wengi hujikwaa: betri ya kadi hulinda kumbukumbu ya kadi, siyo kashe iliyo ndani ya diski. Zima hiyo ya diski: `storcli64 /c0/v0 set pdcache=off`.

Hatua ya 4. Pima, maana hata jibu zuri linaweza kuwa la uongo:

`fio --name=t --filename=/srv/jaribio --size=64M --bs=4k --rw=write --fdatasync=1 --runtime=30 --time_based`

Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. IOPS (idadi ya maandishi kwa sekunde) ikiwa 120 au chini yake, inaandika kweli. Ikiwa maelfu na hakuna kadi yenye betri, kuna mtu anadanganya njiani. Kipimo hiki hakifai kwa SSD.

Kuzima kashe ya diski kihalali: `echo "write through" | sudo tee /sys/class/scsi_disk/0:0:0:0/cache_type`. Uandishi utapungua kasi, hilo halikwepeki.

Maswali ya wanachama

*Njombe: Mkuu, diski yangu ya nakala iko kwenye boksi la USB. Keneli inasema "Assuming", hdparm inasema 1. Nifanyeje?*

Jaribu `hdparm -W0`. Boksi likipitisha amri, iweke kwenye `/etc/hdparm.conf`, kwa sababu diski nyingi huisahau zikizimwa. Likiendeshwa na usb-storage, unaweza pia kuiambia keneli kwamba kashe ipo: `usb-storage.quirks=VID:PID:p`, namba zake zipo kwenye `lsusb`. Kabla ya kuchomoa: `sync`, `umount`, kisha `hdparm -F`.

*Iringa: Kuna jamaa kaniambia niandike "write through" kwenye queue/write_cache, MySQL imekuwa kama upepo. Kuna ubaya?*

Upo, tena mkubwa. Faili hilo hubadilisha imani ya keneli tu. Kashe ya diski bado inawaka, ila sasa hakuna anayeimwaga. Rudisha `write back` leo. Njia hiyo ni ya kadi yenye betri nzima au SSD zenye kapasita za kulinda data.

*Tunduma: Wakuu, seva yenye RAID imekuwa nzito ghafla, diski zote nzima.*

Angalia `storcli64 /c0/bbu show`, au `/c0/cv show` kama ni ya kapasita. Betri ikichoka, kadi iliyo kwenye WB (`write back`) hujishusha yenyewe kuandika moja kwa moja, na inafanya sawa. Usiilazimishe AWB (`write back` daima, hata betri ikiwa mbovu) ili kurudisha kasi. Nunua betri, iache ijaze chaji, itapanda yenyewe.