Barakoa ya vumbi shambani: usiokote yoyote tu, na ukiipata ivae sawasawa

Wadau, leo tuongelee vumbi. Sio la barabarani, ni lile linalotimka ukipukuchua mahindi, ukigeuza maranda bandani kwa kuku au ukifungua marobota ya majani makavu yaliyolala stoo miezi mpaka yakashika ukungu. Wengi wanajifunga leso puani au wanavaa ile barakoa nyepesi ya hospitali halafu wanaingia kazini kifua mbele, kumbe wamejipoza moyo tu.

Iko hivi, vumbi kubwa unaloliona linaishia puani na kooni, utapiga chafya litatoka. Zenye balaa ni chembe ndogo, chini ya maikroni 5 (maikroni moja ni milimita moja uigawe mara elfu), hizo huzioni kabisa na zinashuka mpaka mwisho wa mapafu. Na vumbi la shambani sio udongo mtupu jamani, humo kuna ukungu, bakteria, manyoya, kinyesi kikavu, na pengine dawa iliyopakwa kwenye mbegu. Kuna ugonjwa kabisa unaitwa pafu la mkulima, unaletwa na vumbi la majani au nafaka zilizoota ukungu. Mtu anapiga kazi asubuhi yuko fiti, baada ya saa kama 4 hadi 8 anaanza kuhisi homa, baridi, kikohozi, kifua kinabana, anasema hii malaria au mafua, siku mbili tatu anapata nafuu anarudi stoo ile ile na mchezo unaanza upya. Akienda hivyo kwa miaka mapafu yanaota makovu na makovu hayo hayafutiki. Kwa hiyo ukifika hospitali na dalili hizo mwambie daktari unafanya kazi gani, asipojua ni rahisi akakutibia kitu kingine.

Sasa barakoa ipi? Soma maandishi yaliyopigwa kwenye barakoa yenyewe, boksi linaweza kuandikwa chochote. Zenye viwango vya Marekani zinaandikwa N95, maana yake zinanasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo za kupimia, na lazima uone neno NIOSH (taasisi ya Marekani inayopitisha barakoa hizi) na namba inayoanza na TC-84A. Za Ulaya ni FFP1, FFP2 na FFP3, yaani asilimia 80, 94 na 99, zikiwa na alama ya EN 149, yaani kiwango cha Ulaya cha barakoa za vumbi. Kwa maoni yangu FFP1 iachie kazi za vumbi jepesi, kwenye ukungu na mabanda ya kuku anzia FFP2 au N95, na kama unasafisha ghala la zamani lililooza tafuta FFP3. Ukiona N95 ina kamba za masikioni badala ya mikanda miwili ya kuzunguka kichwa, stuka, hiyo feki.

Ila namba kubwa haikusaidii kama barakoa haijakaa usoni, na hapa ndipo watu wengi wanapofeli. Hewa inapita pale penye upenyo, ukiacha kanafasi pembeni ya pua hewa nyingi inapita hapo na filta inabaki pambo. Mkanda wa juu ukae kisogoni kwa juu, wa chini upite shingoni chini ya masikio, usivuke mikanda ikawa alama ya X na usikate mmoja eti unabana. Kile kichuma cha pua kibonyeze kwa vidole vya mikono yote miwili, ukikibana kwa mkono mmoja kinafanya kona juu ya pua na hewa inapenya. Ukimaliza, funika barakoa kwa viganja na pumua nje kwa nguvu, ukisikia upepo machoni au mashavuni rekebisha, rudia. Kama ina valvu (kile kitundu chenye kifuniko cha kutolea pumzi) vuta hewa ndani badala yake, inatakiwa ijivute ikushike uso. Ukivaa miwani ikaanza kufanya ukungu, jua juu panavuja. Na wenye ndevu mnisamehe, hata ndevu za siku mbili zinainua ukingo wa barakoa, hapo ni kunyoa tu au kununua ile mashine yenye feni na kofia inayosukuma hewa safi, ambayo bei yake sio mchezo.

Usiifue. Hizi barakoa zinanasa chembe kwa nyuzi zenye chaji ya umeme, ukiloweka kwenye sabuni au ukapuliza spiriti chaji inakufa, kwa macho itaonekana nzima lakini kazi haifanyi tena. Ukiona herufi NR kwenye barakoa za Ulaya ujue ni ya zamu moja tu. Itupe mapema zaidi kama imelowa, imechanika, mkanda umelegea au umeanza kuvuta pumzi kwa shida. Ukipumzika usiishushe kidevuni, ndani itajaa vumbi lile lile unalolikimbia.

Halafu hii ya vumbi haizuii gesi, naomba hapa tuelewane. Harufu kali ya amonia bandani itapita kama kawaida. Kwenye kupulizia dawa soma lebo ya dawa, mara nyingi unahitaji ile ya mpira yenye katriji, yaani kikopo cha kunasa gesi. Vidonge vya kufukizia nafaka vinatoa gesi ya fosfini inayoua, usiingie na N95 ukadhani uko salama. Shimo la samadi na silo (lile ghala refu lililofungwa la nafaka au majani ya mifugo) ndio kabisa, humo hewa yenyewe inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, hata katriji haisaidii, usiingie wala usimfuate mwenzako aliyeanguka, ita watu wenye vifaa vya hewa.

Na kabla hata ya kuvaa, punguza vumbi lenyewe. Kausha mazao vizuri kabla ya kuhifadhi ili ukungu usipate nafasi, fungua milango hewa ipite, simama upepo ukitokea mgongoni, na penye kinyesi cha panya usifagie pakavu, lowesha kwanza ndio ufute.