Kuituliza RAM ya DDR5-6000 kwenye Ryzen ya AM5

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la RAM ni ahadi ya stiki zenyewe tu. Boksi likisema DDR5-6000 CL30 (kasi ni 6000, kusubiri ni mizunguko 30), mtengenezaji amezipima stiki hizo zikafika hapo. Kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa yako hajakipima, wala bodi mama yako. AMD yenyewe, mtengenezaji wa Ryzen, inaitambua rasmi DDR5-5200 kwa Ryzen 7000 na DDR5-5600 kwa Ryzen 9000, tena kwa stiki mbili. Ukichomeka nne kwenye Ryzen 7000, kiwango rasmi kinashuka hadi 3600. Kwa hiyo ukishawasha EXPO (profaili ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya stiki), hata kama ni kwa kubonyeza mara moja, tayari umefanya ovakloki. Mashine ikiyumba, mkosaji ni mmoja kati ya watatu: stiki, prosesa au bodi. Kazi kubwa ni kumtambua.

Maelekezo haya ni ya stiki mbili za GB 16 zenye chipu za SK Hynix, na lengo ni 6000. Kwa nini 6000? Kwa sababu hapo RAM na kidhibiti vinakimbia sawa kwa sawa, megahezi 3000 kila upande, na karibu prosesa zote za AM5 (soketi ya Ryzen hizi) zinaimudu. 6400 inataka kidhibiti kifike 3200, na hapo ni bahati ya prosesa uliyouziwa. Ukipita hapo kidhibiti hushushwa hadi nusu ya kasi ya RAM, na faida yake haianzi kuonekana mpaka ukaribie 8000. Kununua 7200 kwa ajili ya AM5 ni kutupa hela.

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine. RAM isiyotulia huharibu data kimyakimya: faili linasomwa likiwa zima, linaandikwa tena likiwa na kasoro. Sasisha BIOS, programu ya bodi mama inayowasha kompyuta. Chomeka stiki kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na zote mbili ziwe zimetoka boksi moja. Stiki iliyonunuliwa leo na nyingine ya mwakani, hata zikiwa na jina lile lile, zinaweza kubeba chipu tofauti.

Washa kwanza bila EXPO. Skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa wakati bodi inajifunza RAM mpya, usiizime. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, iache imalize mzunguko mmoja kamili. Ikikuonyesha kosa katika kasi hii ya kawaida, toa stiki zote na upime moja moja. Kosa likiifuata stiki, irudishe dukani; hakuna taimingi (muda RAM inaosubiri kati ya hatua zake) itakayoiponya. Kosa likibaki kwenye sloti, au upande mmoja wa RAM ukawa hauonekani kabisa, fungua kipoozeo, toa prosesa uirudishe upya na ukaze skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Pini zisizogusana vizuri huleta ugonjwa huo huo.

Sasa washa EXPO, lakini usiiachie bodi ichague volti. Bodi nyingi zikiachiwa huru hupandisha volti ya SOC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu, karibu na kikomo. Mwaka 2023, baada ya Ryzen 7000X3D kadhaa kuungua, AMD iliweka kikomo cha volti 1.3 kwa SOC kupitia BIOS mpya. Kwa 6000 huhitaji kukaribia hapo. Anza hivi:

SOC: 1.20, na usipite 1.25 bila sababu.
VDD, volti kuu ya RAM: 1.35 hadi 1.40, kama EXPO yako inavyosema.
VDDQ na VDDIO, volti za njia za data: sawa na VDD, au chini yake kidogo.
FCLK, kasi ya njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa: 2000.
UCLK, kasi ya kidhibiti: sawa na MCLK, kasi ya RAM; uichague kwa mkono.

Kidhibiti cha umeme cha DDR5 kimo ndani ya stiki yenyewe, na kwa kawaida hakipiti 1.435. Kama BIOS inakubali 1.45 lakini kipimo hakisogei, sababu ndiyo hiyo.

Ukifika Windows fungua ZenTimings, programu inayoonyesha kasi na taimingi za RAM. MCLK isomeke 3000, UCLK 3000, FCLK 2000. UCLK ikisoma 1500, bodi imekushusha nusu bila kukuambia, na vipimo vyote utakavyofanya baada ya hapo havina maana.

Kuna mpangilio mmoja wa BIOS unaowatesa wengi: "Memory Context Restore". Ukiwashwa, bodi haijifunzi RAM upya kila unapowasha, kwa hiyo kompyuta inawaka haraka. Tatizo ni kwamba inatumia mafunzo ya zamani hata kama umebadilisha taimingi, au joto la chumba limebadilika. Uzime muda wote wa kupima. Ukimaliza unaweza kuuwasha, ila "Power Down Enable" nayo iwe imewashwa. Bodi nyingi huyumba mpangilio wa kwanza ukiwa umewashwa na huu wa pili umezimwa.

Upimaji unataka zaidi ya programu moja, kwa sababu kila moja inabana mahali pake. TestMem5 ikitumia faili la mipangilio la Extreme la anta777 inazibana stiki na taimingi. Ipe saa kadhaa. Jaribio la VT3 ndani ya y-cruncher linakibana kidhibiti, SOC na FCLK. Nusu saa inatosha kukamata makosa mengi. Chipu za DDR5 zina urekebishaji wa ndani wa biti moja moja, kwa hiyo kosa linalokufikia kwenye skrini limeshapenya kichujio hicho. Kosa moja katika saa nne ni kufeli.

Wakati ambapo kosa linatokea husema mengi. Likija ndani ya dakika za mwanzo, shuku VDD ndogo au taimingi kuu zilizobanwa mno: ongeza volti 0.02, au pandisha tRCD, mojawapo ya taimingi hizo kuu, kutoka 36 hadi 38. TestMem5 ikipita halafu y-cruncher ikaanguka, ama kompyuta ikajiwasha upya bila kuripoti kosa lolote, angalia SOC na FCLK. Panda SOC hadi 1.23 kisha 1.25, ikigoma bado, shusha FCLK hadi 1900 uone. Makosa yanayochelewa, dakika arobaini au saa nzima, mara nyingi ni joto.

Joto ndilo linalodanganya kuliko yote, na linahusiana moja kwa moja na taimingi mbili zenye faida kubwa: tREFI na tRFC. RAM huhifadhi kila biti kama chaji ndogo inayovuja, kwa hiyo lazima ijazwe upya kila mara. tREFI ni muda kati ya kujaza na kujaza, tRFC ni muda ambao kujaza kunachukua. Kwa kawaida RAM hujazwa kila maikrosekunde 3.9, ambazo kwa 6000 ni takriban mizunguko 11,700 ya RAM, na kila mara inasimama nanosekunde 295, yaani mizunguko 885. Hiyo ni zaidi ya asilimia 7 ya muda wote RAM haifanyi kazi yako. Weka tREFI 50000 na tRFC 480, na hasara inashuka hadi karibu asilimia 1. Chipu za Hynix za toleo la M huweza tRFC ya 480; za toleo la A hushuka hata karibu na 384. Ukizidisha kuishusha, kompyuta inaweza isiwake kabisa, nawe utalazimika kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa kitufe, kwa jampa, au kwa kutoa betri.

Lakini chaji huvuja haraka zaidi chipu zikiwa na joto. tREFI ya 65535 iliyopita majaribio yote usiku kwa nyuzi 42 inaweza kuanguka mchana kwa nyuzi 58, hasa Dar es Salaam au Mombasa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Tena jaribio la RAM peke yake haliwashi kadi ya picha, ambayo kwenye gemu hupuliza hewa moto juu ya stiki. Kwa hiyo pima RAM huku kadi ya picha nayo ikifanya kazi nzito, na uangalie joto la stiki kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta. Likipita nyuzi 50, elekeza feni ya milimita 120 kwenye stiki, au shusha tREFI hadi 32768. Tofauti ya kasi kati ya 32768 na 65535 ni ndogo mno kuhatarisha data kwa ajili yake.

Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uende kingine. FCLK iache mwisho: jaribu 2133. Na usiridhike na kuwaka kwake tu. FCLK isiyotulia huweza kurudia data iliyokosea bila kuonyesha kosa, hivyo linganisha alama za jaribio la kasi kabla na baada. Zikishuka, rudi 2000.

Halafu zima kompyuta, chomoa umeme kwenye ukuta kwa dakika kumi, washa, upime tena. Mafunzo yakitoka tofauti kila uwashapo, mipangilio yako iko ukingoni.

Kama 6000 inakataa kila njia, weka 5600 kwa CL28. Muda wa kusubiri wa CL unabaki nanosekunde 10 zile zile, na kidhibiti kinapumua. Ukishapata mipangilio inayotulia, piga picha kurasa za BIOS kwa simu, maana kusasisha BIOS mara nyingi hufuta profaili ulizohifadhi.