Kachumbari isijae maji, chumvi mwisho
Jamani wapishi wa kachumbari, chumvi wekeni mwisho kabisa. Juzi nimenunua samaki sato pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikakata nyanya na tango mapema nikatia na chumvi hapohapo, kurudi nusu saa baadae bakuli limejaa maji, tango limelegea kama kitambaa. Ni osmosisi ileile ya sekondari, chumvi ikizidi nje basi maji ya ndani ya seli yanapita kwenye utando yanaifuata, wala seli haitumii nguvu yoyote. Ila kitunguu chenyewe kitie chumvi mapema, ukifikiche, ukioshe, ukali unapungua sana. Na mchicha ukinyauka, loweka maji baridi bila chumvi, maji yanarudi ndani na majani yanasimama tena, raha kweli kuangalia.