Somo: Jinsi ya kupata maua ya ndani bila kutumia pesa nyingi

Habari zenu ndugu zangu. Wanachama wapya wamekuwa wakiniuliza nilivyojaza dirisha zima kwa maua wakati mfuko wangu ni wa kawaida tu. Badala ya kumjibu kila mmoja pembeni, naandika hapa mara moja. Maswali mniachie chini.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo nataka likae kichwani. Ua la ndani linajizalisha lenyewe. Mtu mwenye pothosi (lile ua linalotambaa, lenye majani ya umbo la moyo) iliyostawi lazima aikate mara kwa mara, la sivyo inageuka kamba ndefu yenye majani nchani tu. Mwenye klorofitumu (Chlorophytum comosum, lile la majani membamba yenye mistari) ana vitoto vinavyoning'inia kila upande na hajui pa kuvipeleka. Kwa hiyo ua unalolitafuta tayari limezidi kwenye nyumba ya mtu, na pengine wikiendi hii linakatwa na kutupwa. Kazi yako ni kumpata mtu huyo kabla hajalitupa.

Anayeona njia hii ni ya kubahatisha aitazame pilea (Pilea peperomioides), ile ya majani ya duara kama sarafu. Mmisionari wa Norwei, Agnar Espegren, aliipata mkoani Yunnan, Uchina, miaka ya 1940, akarudi nayo kwao. Akawagawia watu vitoto vyake, nao wakagawia wengine, ikaenea Skandinavia na kuvuka hadi Uingereza. Wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, London, walipoanza kuletewa majani yake, iliwachukua muda kuitambua, na picha yake ilichapishwa kwenye jarida la Kew mwaka 1984. Karibu miaka 40 ua lilisafiri mkono kwa mkono, dirisha kwa dirisha.

Hatua ya 1: Anza na yanayozaa kirahisi

Pothosi, klorofitumu, tradeskantia, filodendroni ya majani ya moyo, pilea. Hayo ndiyo watu wanagawa bure au kwa bei ya chini kabisa, kwa sababu ukiweka pingili, yaani kipande cha shina kilichokatwa, kwenye glasi ya maji, baada ya wiki moja hadi tatu unaona mizizi. Yale adimu yenye mabaka meupe yasubiri. Ukishajua kukuza haya, utakuwa na cha kubadilishana unapoyataka hayo mengine.

Hatua ya 2: Ingia kwenye makundi, kisha usome kwanza

Tafuta makundi ya wapenda maua ambayo wanachama wake wanaishi karibu nawe. Kundi la watu mia tatu mnaoweza kukutana lina faida kuliko la laki moja waliotawanyika dunia nzima. Soma kanuni zake. Kaa wiki mbili ukiangalia nani hugawa mara kwa mara, nani anauza, nani analalamikiwa. Fuatilia pia matangazo ya wanaohama nyumba. Mtu anayehama hawezi kubeba vyungu ishirini, na mara nyingi anachotaka ni kuona maua yake yamepata mtu wa kuyatunza.

Unapotafuta, tumia jina la kisayansi, kwa sababu jina moja la mitaani linaweza kuwa la mimea minne tofauti. Na andika jina la zamani pamoja na jipya. Sansevieria, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama, siku hizi wataalamu wanaiweka kwenye Dracaena, na Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye asili ya milima ya Usambara, limehamishiwa Streptocarpus. Wauzaji wengi bado wanaandika ya zamani, na ukitafuta kwa jina moja tu unakosa nusu ya matangazo.

Hatua ya 3: Omba kama mtu anayejua anachotaka

Ujumbe wa "jamani nani ananipa maua" haujibiwi, si kwa ubaya, ila msomaji hajui akusaidie nini. Linganisha na huu:

"Habari zenu. Natafuta pingili mbili za filodendroni ya majani ya moyo, zenye kifundo. Mimi nina vitoto vitano vya klorofitumu, vina mizizi na vimekaa kwenye udongo mwezi mmoja sasa. Nitazifuata pingili mwenyewe siku yoyote jioni."

Umesema unachotaka (kifundo nitakieleza Hatua ya 4), kiasi, unachotoa, na usafiri ni juu yako. Mwenye filodendroni anaenda kuchukua mkasi. Pingili zikishika, rudi kundini na picha ya jani la kwanza jipya. Huu si urembo. Aliyekupa anafurahi, na siku akikata lingine jina lako ndilo linalomjia kwanza.

Hatua ya 4: Tazama shina, usitazame jani

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shika pothosi yoyote ufuate shina kwa kidole. Kila kikonyo cha jani kinapoungana na shina, utahisi kauvimbe. Hicho ni kifundo. Upande wake mmoja mara nyingi kuna kijipele cha kahawia kigumu, hiyo ni mizizi inayosubiri maji. Kwenye kona kati ya kikonyo na shina kuna jicho dogo, na hilo ndilo litakalotoa tawi jipya. Pingili nzuri inakatwa sentimita moja au mbili chini ya kifundo.

Sasa chukua jani zuri la monstera (ua la majani makubwa yenye matundu) lililokatwa kwenye kikonyo peke yake. Linaweza kukaa kwenye maji miezi, likatoa hata mizizi, ukafurahi. Lakini halina jicho, kwa hiyo halitatoa shina kamwe. Ndivyo ilivyo kwa lile jani moja la hoya (Hoya kerrii) lenye umbo la moyo linalouzwa kwenye kichungu kidogo: likiwa halina kipande cha shina, litabaki jani lilelile kwa miaka. Wauzaji wengine nao hawajui, wengine wanajua. Kabla ya kulipa chochote, omba picha ya karibu ya shina, si ya jani.

Ipo mimea inayoota kutokana na jani: begonia nyingi, Saintpaulia, Zamioculcas, sansevieria. Subira inahitajika. Jani dogo la Zamioculcas hutengeneza kwanza kiazi chini ya udongo, na chipukizi linaweza kuchelewa miezi mingi. Na sansevieria yenye ukingo wa njano ukiikuza kwa kipande cha jani, watoto wanatoka kijani bila ukingo. Ukitaka njano ibaki, omba chipukizi lililogawanywa pamoja na shina lake la chini ya udongo.

Hatua ya 5: Siku ya kubadilishana

Makundi mengi hupanga siku ya kukutana, kila mtu aje na maua yake. Andaa yako mwezi mzima kabla, ili yawe na mizizi yanapofika mezani. Andika jina na tarehe uliyoikata pingili kwenye kipande cha plastiki kwa penseli, maana wino wa kalamu hufutika ukilowa. Osha vyungu. Kanuni ya kawaida ni ua moja kwa ua moja, ila mimi huangalia zaidi muda: kitoto cha klorofitumu cha wiki tatu si sawa na begonia mtu aliyoilea mwaka mzima, kwa hiyo natoa vitatu au vinne bila kuombwa. Fika mapema, na usione haya kuuliza aliyeleta ua analimwagilia vipi. Hilo jibu nalo ni sehemu ya unachopata.

Hatua ya 6: Tenga kila kinachoingia

Hii naomba isirukwe. Kuna wakati nilipewa pothosi nzito, ya kijani inayong'aa, nikaiweka siku hiyohiyo katikati ya rafu. Wiki tatu baadaye nikaona kitu cheupe kama pamba kwenye kona ya kikonyo. Nikadhani vumbi. Nilipokigusa kwa ukucha kikapondeka na kuacha maji. Vidung'ata, wadudu weupe wanaofyonza utomvu. Nikageuza jani la ua la jirani, vipo. La tatu, vipo. Nilipoteza hoya mbili na nikasafisha rafu ile kwa miezi.

Siku hizi kila kinachoingia kinakaa chumba kingine wiki tatu hadi nne. Usiku nawasha tochi ya simu na kutazama sehemu tatu: kona za vikonyo, chini ya majani, na ukingo wa chungu. Utando mwembamba na vitone vilivyopauka ni utitiri. Mikwaruzo ya rangi ya fedha yenye nukta nyeusi ni vithiripi, wadudu wembamba wadogo sana. Majani yakinata ukiyagusa, kuna mdudu anayefyonza juu yake. Vidung'ata vinafutwa kwa pamba yenye spiriti, kisha unaosha ua lote kwa maji ya sabuni laini, na unarudia kila wiki, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye na safisha moja haiyamalizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Mimi sina ua hata moja. Nitabadilishana nini?

Jibu: Karibu sana ndugu yangu. Makopo safi, mitungi ya kioo, udongo mzuri, usafiri kwa asiye na gari, vyote vinapokelewa. Na ukiweza kununua ua moja tu, nunua chungu cha pothosi kilichojaa. Ukikitoa kwenye udongo utakuta mara nyingi si mmea mmoja, ni pingili kadhaa zilizopandwa pamoja ili chungu kionekane kizito. Zitenganishe taratibu, baki na nusu, nusu nyingine ndiyo mtaji wako. Pia waambie wazi kuwa unaanza. Wenye maua mengi wanapenda kumsaidia anayeanza.

Swali: Kuna mtu anauza mbegu za monstera ya bluu na ya upinde wa mvua, bei ya chini sana. Nichukue?

Jibu: Usichukue, dada. Monstera ya bluu haipo, picha imepakwa rangi kwa kompyuta. Hata mbegu za monstera ya kawaida zinapoteza uhai haraka zikikauka, kwa hiyo pakiti iliyosafiri wiki nyingi si ya kuaminika. Kuwa mwangalifu pia na filodendroni iliyouzwa kwa jina la Pink Congo. Waridi lake hufifia miezi michache baadaye na majani mapya yanatoka kijani. Na kwa yale ya mabaka meupe, usivutiwe na pingili nyeupe tupu. Jani jeupe halina klorofili, haliwezi kujilisha, na pingili ya namna hiyo hufa. Chagua ambayo shina lake lina mistari ya kijani na nyeupe inayopita kwenye kifundo chenyewe.

Swali: Niliyekubaliana naye kubadilishana anaishi mbali. Tunatumaje bila ua kufa njiani?

Jibu: Usimwagilie siku mbili kabla. Funga mizizi kwa karatasi ya jikoni iliyolowa na kukamuliwa vizuri, kisha mfuko wa plastiki uufunge juu ya mizizi tu. Majani yabaki makavu ndani ya karatasi ya kawaida, yakilowa yanaoza. Boksi likitikiswa lisitoe sauti. Tuma mwanzoni mwa wiki ili kifurushi kisilale ghalani Jumapili, na msitume kwenye joto kali. Kila mmoja apige picha ya ua na ya boksi kabla ya kufunga, na mtume siku moja.

Swali: Na kutoka nchi nyingine je?

Jibu: Hapo sheria zinabadilika kabisa. Nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, kwa sababu mdudu mmoja ndani ya boksi anaweza kuharibu mashamba. Tena okidi na kaktasi karibu zote ziko chini ya mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo zinahitaji vibali zaidi. Bila nyaraka hizo kifurushi kinaweza kukamatwa na kuteketezwa. Kwa anayetafuta unafuu, baki na wa karibu.

Swali: Nina paka na mtoto anayetambaa. Kuna ua la kukataa hata nikipewa bure?

Jibu: Pothosi, filodendroni, monstera na Zamioculcas zote zina chembe za kalsiamu oksaleti kama sindano, zinawasha na kuvimbisha mdomo zikitafunwa. Kama huna pa kuzining'iniza juu, zikatae kwa shukrani. Klorofitumu, pilea na kalathea hazina shida hiyo.

Swali: Pingili zangu zinaoza kwenye maji kila mara. Nimejaribu mara tatu, nakaribia kukata tamaa.

Jibu: Pole sana. Kagua mambo haya: je, kuna jani lililo ndani ya maji? Liondoe, kifundo peke yake ndicho kizame. Maji unabadilisha? Kila baada ya siku tatu au nne. Umekata kwa kifaa gani? Wembe au mkasi uufute kwa spiriti kwanza. Na glasi iwe penye mwanga mwingi bila jua kali la moja kwa moja. Iliyoanza kuoza usiitupe: kata juu ya sehemu nyeusi hadi uone shina la kijani gumu, hakikisha kifundo kimoja kimebaki, iache ikauke saa mbili tatu, kisha irudishe kwenye maji mapya. Mizizi ikifika sentimita tano hivi, hamishia kwenye udongo na uuache na unyevu wiki ya kwanza. Tuma picha ya sehemu uliyokata tuitazame pamoja.