Kuweka mbegu za nyumbani: mahindi, kunde na muhogo

Nilipoanza nilijiona fundi. Nilichagua mahindi matatu manene, nikayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko. Mwaka wa pili nikachagua matatu tena, wa tatu vile vile. Masika ya nne shamba langu hapa Muheza likatoa mimea mifupi, mingi haikubeba kitu. Mama mkwe akasema nimerogwa. Kumbe nilikuwa nimeozesha ndugu kwa ndugu.

Hindi huchavushwa na upepo. Unga wa mbelewele unatoka mmea huu na kuangukia ndevu za mwingine, kwa hiyo nguvu ya mbegu haikai kwenye hindi moja, imetawanyika shamba zima. Zao hili lilianza kusini mwa Mexico, kutokana na nyasi pori iitwayo teosinte, yapata miaka 9000 iliyopita. Sisi tuliletewa sehemu tu ya utajiri huo, tusiupunguze tena.

Chagua mahindi yakiwa bado mabichi shambani, usingoje ghalani. Mimi hufunga uzi mwekundu kwenye mimea 100 hivi iliyosimama imara wakati jua limekaza. Mmea wa karibu na banda la mbuzi ninauruka hata ukiwa mrefu kama mnazi, maana ile ni samadi, si mbegu. Pembeni kwa jirani aliyepanda mbegu ya dukani nako siguse. Nachukua katikati ya shamba. Kila mmea unatoa hindi moja, kila hindi linatoa punje kiasi za katikati ya gunzi, kisha nachanganya zote kwenye ungo.

Kunde hazina makuu. Hizi ni wenyeji, asili yake ni humu humu Afrika, na ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri. Mashina 20 ya kila aina yananitosha. Nyekundu, nyeupe na zenye madoa naziweka mbalimbali. Ing'ate moja: ikipasuka imekauka, ikibonyea irudishe juani. Changanya na majivu yaliyochekechwa, funga chupa kabisa, maana fukusi hawana huruma.

Muhogo ndio unaotaka akili. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika, na tunaupanda kwa pingili. Pingili si mtoto wa mmea, ni mmea ule ule. Ukipanda ekari nzima kutoka shina moja, umepanda mwili mmoja, na ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Hata mkonge wetu ulianza kwa uchache wa namna hiyo: mwaka 1893 Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1000 kutoka Florida, ikafika mizima 62.

Dawa ya batobato, ugonjwa unaokunja majani ya muhogo na kuyatia mabaka ya njano, ilitafutwa hapo juu kwenye kituo cha utafiti cha Amani. Miaka ya 1930 na 1940 watafiti Storey na Nichols waliuchanganya muhogo na nduguye, mti wa mpira, huo huo tunaochuma kisamvu cha mpira. Uzao wake ulifika Nigeria ukaendelezwa, na aina nyingi za Afrika zinazostahimili batobato leo zina damu hiyo. Kwa hiyo usiukate mpira wa uani kwa sababu tu hauna mizizi ya kula.

Mimi napanda aina nne, mistari tofauti. Kibandameno siiachi kwa utamu, ingawa batobato inaipenda. Hizo nyingine ndizo zinazoniokoa. Ninapotafuta vipando natazama kwanza majani: yenye mabaka ya njano na kujikunja, hapana. Kisha nang'oa shina lenyewe na kukata mizizi yake vipande, kwa sababu ugonjwa wa michirizi ya kahawia hujificha, majani yanaweza kukudanganya huku ndani kumeoza. Mzizi ukiwa mweupe hadi ncha, shina hilo linafaa. Natumia sehemu ya katikati, si ncha laini wala kisiki, pingili ya urefu wa shubiri moja yenye macho matano hadi saba. Ikibidi kusubiri mvua, simamisha mashina mazima chini ya mwembe, usiyalaze juani.

Ile mizizi niliyokata kukagua hailali. Nazi inakunwa jioni hiyo hiyo.