Besi yenye betri: chomoa waya ukimaliza
Kwenye gitaa la besi lenye priampu (kikuza sauti kidogo cha ndani kinachotumia betri), swichi ya umeme ni tundu la waya lenyewe. Ukichomeka jeki (ncha ya waya), betri inaanza kuliwa, hata kama hupigi na sauti umeifunga. Kwa hiyo chomoa waya upande wa gitaa. Kuzima ampu (kikuza sauti cha nje) peke yake hakusaidii kitu. Betri mpya ya alkalini ya volti 9 husoma takriban 9.5 kwenye mita ya volti. Ikishuka chini ya 8, badilisha, usingoje noti nzito zianze kukwaruza. Mfumo wa volti 18 una betri mbili: badilisha zote pamoja. Unapotoa betri, shika kichwa cha klipu inayoshikilia ncha zake, usivute nyaya za klipu. Hukatika pale zinapoingia kwenye plastiki, nawe ukadhani priampu imekufa.